Bondi imeandikwa 15.95 ila broka anasema mama atapata 13, hiyo nyingine inaenda wapi?

BintiMwalimu
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Mama kastaafu ualimu na ameweka pembeni 24m ya kiinua mgongo, anataka hatifungani (bondi) ya serikali ili apate hela kila miezi sita asikae anatusubiri sisi watoto. Tumeenda kwa broka tukaambiwa ipo ya miaka 25 ya zamani, riba 15.95, mama akafurahi. Mara karatasi inasema yildi 13 na kitu na bei 120. Nimeuliza nikaelezwa haraka haraka sikuelewa, mama anahisi kuna mtu anataka kula hela yake, sasa hapo ipi ndo riba yenyewe??

Mkulima wa Bondi
Hakuna anayekuibia dada. 15.95 inahesabiwa kwenye hela iliyoandikwa kwenye bondi, sio hela iliyotoka mfukoni kwa mama. Bei 120 maana yake kila bondi ya 100 mnainunua 120. Kwahiyo 24m yenu inanunua bondi ya 20m, basi. Kuponi, yaani riba mnayolipwa, ni 15.95% ya 20m = 3,190,000 kwa mwaka, yaani 1,595,000 kila miezi sita. Sasa igawanye hiyo 3.19m kwa 24m mliyotoa, unapata 13.29%. Na bado, siku bondi inaiva, yaani muda wake unaisha, serikali inarudisha 20m sio 24m, ndo maana yildi kamili ya mpaka mwisho (faida halisi ya kila mwaka kwa hela mliyotoa) inashuka tena kidogo, kama 13.1 hivi.

BintiMwalimu
Duh, kumbe! Asante sana mkuu. Ila kwanini mtu auze 120 kitu cha 100?

Mzee wa Mnada
Kwa sababu ya kuponi yake kubwa mwanangu. Aprili 2022 BoT (Benki Kuu ya Tanzania) walishusha kuponi za bondi mpya, ya miaka 25 ikatoka 15.95 ikaja 12.56, ya miaka 20 ikatoka 15.49 ikaja 12.10. Wenye za zamani wanaendelea kulipwa kile kile mpaka mwisho, kwahiyo anayeitaka lazima aongeze dau. Bei ikipanda yildi inashuka, bei ikishuka yildi inapanda, kuponi yenyewe haitikisiki.

Kidume_Dom
Mi naona ukinunua juu ya 100 ni hasara moja kwa moja, mama aachane nayo

Mkulima wa Bondi
Hapana ndugu, sio hasara, 13.1 bado ni faida. Ila linganisha kwanza. Tuseme mnapata ile ya 12.56 kwa bei 95. Kwa 24m hiyo hiyo mama anapata bondi ya 25.2m na chenji kidogo inabaki, kuponi yake ni 3,165,000 kwa mwaka. Tofauti na ile ya 15.95 ni kama elfu 25 tu kwa mwaka mzima!! alafu mwisho anarudishiwa 25.2m badala ya 20m. Watu wanakimbilia namba kubwa ya kuponi bila kuuliza bei na hii inaniuma sana hasa kwa wastaafu, maana wao hawana muda wa kuanza upya.

Mzee wa Mnada
Hapo kweli kabisa. Na kama mnunua sokoni katikati ya miezi sita mtamlipa muuzaji riba ya siku alizokaa nayo, msishtuke mkiona hela imezidi, kuponi ijayo inakuja yote kwenu. Mama ana miaka mingapi? Za miaka 25 zilizotoka 2021 zinaiva 2046, anaweza kuuza kabla lakini ni kwa bei ya siku hiyo.

BintiMwalimu
Ana 60. Nimemsomea yote haya kwa simu, kaniambia kesho turudi kwa broka tukaulize bei ya ile ya 12.56 na ya miaka 10 pia, na safari hii anakuja na kalkuleta yake mwenyewe.