"Mfuma" ni mpiga mishale au mfuma nyavu?

Mikindani_Jukwaani: Habari wakuu. Mswada wa mchezo wa Kiswahili cha kale unamwita mpiga mishale "mfuma". Huku Mikindani, watazamaji wakisikia hivyo watafikiria nyavu. Neno ni sahihi? Na silaha yake iitweje?

Shangani: Ni sahihi kabisa. Kuna kufuma kwa uzi, na kuna kufuma kwa silaha yenye ncha, mshale au mkuki. Hiyo ya pili ina uzito ambao "kupiga" haina: ukipiga mshale unaweza kukosa, lakini ukimfuma swala, ncha imeshaingia mwilini. Kwa hiyo mhusika anayekosakosa shabaha msimwite mfuma, mwacheni awe mpiga mishale. Anapotajwa mara ya kwanza semeni "mfuma kwa mshale", nyavu zitaondoka vichwani. Baada ya hapo "mfuma" peke yake linatosha. Mkitaka neno jepesi, Biblia kwenye Mwanzo 21:20 inamwita Ishmaeli "mpiga upinde".

Ndoro: Silaha ni uta, wingi mata: uta huu, mata haya. Wajukuu wa Wanyanja, watu wa kando ya Ziwa Nyasa, watalitambua mara moja, kwao pia upinde ni uta. Kamba yake ni upote, mti wa mshale ni wano, ncha ni chembe, mfuko wa mishale ni podo au ziaka.

Mkitengeneza vya kuchezea, upote uwe wa katani. Wa mshipa wa mnyama hunyonya unyevu wa pwani, ukalegea. Manyoya matatu ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto, kwa sababu yamepinda kinyume. Mkichanganya, mshale unayumba. Kwenye chembe fungeni donge la kitambaa.

Mikindani_Jukwaani: Asante sana. Kwenye mazoezi vijana wanavuta upote bila mshale na kuuachia. Kuna ubaya?

Ndoro: Wakataze leo hii. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi kwenye mti, na uta hupasuka. Wakitaka kuigiza, wavute kisha warudishe kamba polepole kwa mkono. Mazoezi yakiisha, vueni upote upande mmoja. Uta ukilala umefungwa huzoea kupinda na kupoteza nguvu.

Shangani: Na mnajimu wa mchezo wenu akitaja nyota ya Kausi, yaani ile ya Mshale, ni uta huohuo, kwa Kiarabu. Mfuma wenu azaliwe chini yake.