Kwa nini mwaka 2004 hatukuonywa kuhusu tsunami, na je, leo tungeonywa?

Mwana wa Ufukweni:
Wanajukwaa, salaam. Tarehe 26 Desemba 2004, nikiwa na miaka kumi na mmoja, niliona bahari ikitoka kwa kasi mchana, ngalawa zikabaki zimelala ubavu juu ya matope, nasi watoto tukakimbilia humo kuokota samaki. Babu alitupigia kelele turudi, kwa sababu tu maji yale yalikuwa yanakupwa wakati usio wake. Baadaye nilisoma kwamba ile ilikuwa tsunami, wimbi kubwa lililozuliwa na tetemeko la ardhi chini ya bahari, na kwamba tetemeko hilo lilitokea Sumatra, Indonesia, karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Ilikuwaje wimbi lisafiri tangu alfajiri hadi mchana na asiwepo wa kutuambia? Na leo tungeambiwa?

Msomi wa Bahari:
Ndugu yangu, swali lako ni zito, kwani Somalia peke yake ilipoteza watu wapatao 300. Kituo cha tahadhari ya tsunami cha Hawaii kilikuwapo tangu mwaka 1949, lakini kazi yake ilikuwa kuilinda Pasifiki. Bahari ya Hindi haikuwa na mtandao wake wa tahadhari. Isitoshe, makadirio ya kwanza yalilipa tetemeko lile ukubwa wa 8, ilhali lilikuwa 9.1, tofauti ambayo kwa nishati ni zaidi ya mara thelathini.

Leo vipo vihisi vinavyolazwa chini kabisa ya bahari, vikipima uzito wa maji yaliyo juu yake na kutuma habari kwa boya, kisha kwa setilaiti. Penye kina cha mita 4,000 wimbi hukimbia takriban kilomita 700 kwa saa, na baharia aliye juu yake huenda asilihisi, lakini kihisi hutambua badiliko la sentimita moja. Tangu mwaka 2011 Australia, India na Indonesia hutoa taarifa kwa nchi zote za bahari hii, na kwetu huzipokea Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kwa tetemeko la mbali, basi, naamini tungeambiwa.

Mkaazi wa Mombasa:
Nakubaliana na Msomi kuhusu vyombo, ila taarifa kufika ofisini si sawa na kufika ufukweni. Kisiwani Simeulue, jirani kabisa na kitovu cha tetemeko, walikufa watu saba kati ya 78,000 hivi, kwa kuwa wazee walikuwa wamewarithisha simulizi ya wimbi la mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikatoka, kimbilia mlimani. Japani, pamoja na utaalamu wake wote, mwaka 2011 ilitoa tahadhari ndani ya dakika tatu, lakini ilikadiria urefu wa wimbi chini mno. Babu yako alifanya kazi ambayo bado hakuna mtambo unaoifanya.

Mkulima wa Rufiji:
Naomba tusiyasahau mafuriko, maana ndiyo yanayotufika mara kwa mara. Mvua inayonyesha Kilombero huchukua siku kadhaa kutufikia bondeni, kwa hiyo muda wa kuonya upo. Siku hizi programu za kompyuta, zilizofundishwa kwa kumbukumbu za mito yenye vipimo, hutabiri hadi siku saba mbele hata kwa mito isiyo navyo. Hata hivyo nasisitiza vipimo vyenyewe: ubao wenye alama uliosimikwa mtoni na mtu wa kuusoma asubuhi na jioni, kwani bila yeye hakuna wa kuusahihisha utabiri unapokosea.

Mwana wa Ufukweni:
Ahsanteni sana. Jumamosi nitamwomba mwenyekiti wa mtaa tutembee na watoto wa shule kutoka ufukweni hadi kilimani, tupime ni dakika ngapi.