Mjadala: Ukiing'oa hukumu juu ya ustaarabu, falsafa inabaki imesimama?

Mtoa mada, Kibokoni
Assalaam aleikum. Nauliza: mwanafalsafa anavyouona ustaarabu wa kisasa ndiko kunakoijenga falsafa yake, au ni maoni ya pembeni tu? Nasema ndiko. Kipimo changu: tafuta kitu anachokilaumu kwa jina, fuata hoja inayokiegemea, kisha king'oe uone kinachoanguka. Gandhi katika Hind Swaraj (1909) hailaumu dunia ya leo kijumla. Anataja reli, mawakili, madaktari. Reli, asema, hueneza tauni, na huzidisha njaa kwa kuwa mkulima hupeleka nafaka kwenye soko la bei kubwa. Mng'olee lawama hiyo, na uhuru anaoudai unabaki kumwondoa Mwingereza na kuuacha utawala wake ulivyo, jambo ambalo kitabu hichohicho kinalikataa.

Wa Changamwe
Waaleikum salaam, maalim. Hoja ya reli ina tundu. Behewa linalochukua mahindi ndilo linaloleta ya msaada. Sisi wa Mombasa, mji ambako ujenzi wa Reli ya Uganda ulianzia mwaka 1896, hatuna sababu ya kulisahau hilo. Mtu hulala njaa akikosa uwezo wa kununua, hata chakula kikiwapo. Mchumi Amartya Sen alilichambua hili mwaka 1981 kwa njaa ya Bengal ya 1943. Na kuna falsafa isiyogusa ustaarabu kabisa. Majedwali ya ukweli ya mwanafalsafa Wittgenstein (1921), yanayoonyesha sentensi zikiunganishwa huwa kweli au uongo lini: sentensi mbili, safu nne, jibu moja. Apendaye mji na auchukiaye watayajaza sawasawa.

Bi wa Tudor
Ndugu zangu, mmeliruka neno lenyewe. Ustaarabu umetoka kwenye kustaarabu, kushika mwenendo wa Kiarabu. Uungwana nao ulimtenga aliyezaliwa huru na mtumwa. Anayefalsafu kwa maneno haya bila kuyakagua ameshahukumu kabla ya hoja ya kwanza, na hapa pwani jambo hilo bado linauma.

Tazameni alivyofanya mwanahistoria Ibn Khaldun mwaka 1377. Neno lake, umran, ni watu kukaa pamoja na kuchuma riziki, wa nyikani na wa mjini, wote ndani. Ndipo anapoweza kuuliza mji unafanya nini kwa watu. Jibu lake: anasa hulegeza asabiya, ule mshikamano wa ukoo. Dola huishi takriban vizazi vitatu, kila kimoja miaka 40. Cha kwanza kina ukakamavu wa nyikani. Cha pili kimezoea raha ila kinakumbuka. Cha tatu kimesahau, hadi mtawala atafute watu wa nje wamlinde. Ing'oe hukumu hiyo juu ya mji, hata hesabu ya miaka 120 haina pa kushika.

Mtoa mada
Ahsante, Bi, neno nimelipokea. Kuhusu majedwali nakubali: mantiki tupu hailaumu kitu, kipimo changu hakiifikii. Lakini Wittgenstein huyohuyo, katika dibaji ya kitabu aliyoiandika Novemba 1930, anajitenga na ustaarabu wa Ulaya na Marekani: wao wanajenga majengo makubwa zaidi na zaidi, yeye anataka uwazi. Na kazi yake ya baadaye ndiyo hiyo, kufungua mafundo ya maneno bila kujenga nadharia.

Wa Changamwe
Vinafanana, maalim, lakini kufanana si kutegemea. Nitajie hoja moja ya kazi hiyo ya baadaye inayoanguka dibaji ikichanwa, nami nitahamia upande wako.