Wakuu, "kama P basi Q": uongo juu ya uongo unazaaje ukweli?

kijana_wa_rangi3
Wakuu habari za jioni. Niko kidato cha tano PCM (fizikia, kemia na hisabati), tumeanza lojiki wiki hii na kuna kitu kimenikaa kichwani. "Na" nimeelewa, "au" nimeelewa, kukanusha ndo rahisi kabisa, ila hii ya mshale P → Q inanivuruga. Mwalimu kachora jedwali la ukweli mistari minne akasema F (yaani uongo) inakaa sehemu moja tu, pale P ikiwa T (yaani kweli) halafu Q ikiwa F, kwingine kote weka T. Sasa eti "kama Dodoma ni kisiwa basi 2+2=5" ni sentensi ya kweli!! Dodoma sio kisiwa, 2+2 sio 5, inakuwaje kweli hapo? Nimekariri na swali la darasani nimepata, ila mtihani ukigeuzwa kidogo najua nitakwama. Naombeni mnieleweshe taratibu.

Ticha_Tandika
Mdogo wangu hongera kwa kukataa kukariri, wengi wanapita hapo juu juu halafu wanakuja kulia kwenye mitihani. Achana na Dodoma kwanza, panda daladala twende.

Chukulia ndani ya gari kuna sheria moja: aliyelipa nauli ya mwanafunzi lazima awe amevaa sare. P ni "amelipa nauli ya mwanafunzi", Q ni "amevaa sare". Konda anapita kwa abiria wanne. Wa kwanza kalipa ya mwanafunzi na sare anayo, hana shida. Wa pili kalipa ya mwanafunzi ila kavaa jezi, huyu kavunja sheria. Wa tatu ana sare lakini katoa nauli ya mtu mzima, sijui kwa nini, labda kaona konda anasumbua, ila je kavunja sheria? Hapana, sheria haikumkataza mwenye sare kulipa zaidi. Wa nne ni mama anatoka Kariakoo na mizigo yake, kalipa nauli kamili na sare hana, sasa huyo utamshusha kwa kosa gani?

Umeona? Hao wanne ndo mistari yako minne, TT, TF, FT, FF kwa mpangilio huohuo. Kosa liko kwa mmoja tu. T ya kwenye safu ya mshale inasema sheria haijavunjwa basi, haisemi P imetokea, wala haisemi kimoja kimesababisha kingine.

Na nikuulize, konda akiwa na haraka abiria gani hana haja ya kuwakagua? Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, miaka ya 1960 aliwapa watu fumbo la kadi nne lenye lojiki hiyohiyo, kwa herufi na namba, na wengi walikosea. Baadaye watafiti wakaona watu wakipewa sheria ya maisha ya kawaida, mfano ya umri wa kunywa pombe, wanapatia vizuri zaidi. Kwa hiyo ukikwama na P na Q rudi kwenye daladala.

binti_mlimani
Ticha umeeleza vizuri sana. Mimi nasoma isimu na naona nusu ya tatizo ni sisi kufikiria kwa "-ki-". Ukisema "mvua ikinyesha Jangwani pale Dar panajaa maji" masikio yanasikia wakati na sababu kwa pamoja, na ukisema "ukifika nipigie" hapo hakuna hata sharti, ni muda tu. Halafu "ingenyesha" ndo kabisa, ukishasema hivyo msikilizaji anajua haikunyesha. Mshale hauna hayo yote, hauna muda, hauna sababu, unaangalia T na F tu. Ndo maana mdogo wangu nakushauri kwenye karatasi andika "kama... basi..." kila mara usiandike kwa -ki-, mimi ilinisaidia mno.

Hata "au" usijiamini sana. Mwenyeji akikuuliza chai au kahawa anategemea utaje kimoja, ila ∨, alama ya "au" kwenye lojiki, inakubali vyote viwili.

fundi_wa_swichi
Hapo kwenye au naongezea. Zile swichi mbili za taa ya ngazini, moja chini moja juu, ukigusa moja taa inawaka ukigusa na ya pili inazima, ile ndo "au" ya kimoja tu. Ukifunga swichi mbili za kawaida sambamba unapata ∨, ukizifunga kwa kufuatana unapata "na". Claude Shannon, mhandisi Mmarekani, ndo aliandika haya kwenye tasnifu yake ya uzamili pale chuo cha MIT Marekani mwaka 1937, kwamba aljebra ya George Boole, ile ya kweli na uongo, inatosha kupanga saketi za swichi. Kwa hiyo usidhani unasoma kitu cha darasani tu, simu uliyoshika imejaa hayo majedwali.

kijana_wa_rangi3
Shikamoo ticha, asanteni sana dada na kaka. Abiria wa tatu na wa nne hawana haja ya kuulizwa sare, kwa sababu hawajalipa ya mwanafunzi, sawa? Sasa kuna swali linasema onyesha P → Q ni sawa na ~P ∨ Q (~P ni kanusho la P). Nimepata ~P ni F F T T, halafu ~P ∨ Q nimepata T F F T. Haifanani. Na je Q → P si ndo kitu kilekile?

Ticha_Tandika
Marahaba. Kwa mfumo wako ni sawa, ila konda asiyejua nani kalipa nini ataangalia kwa njia ya pili, asiye na sare amuulize nauli, mwenye sare amuache.

Mstari wa tatu rudia. ~P hapo ni T, na "au" inahitaji T moja tu, sasa F imetoka wapi? Q → P sio kitu kilekile, chora mwenyewe usinisikilize mimi.

kijana_wa_rangi3
Kweli ticha nilichanganya na ile "au" ya kimoja tu. Sasa ~P ∨ Q imetoka T F T T, sawasawa na mshale. Na Q → P imetoka T T F T, yani sheria ikiwa "mwenye sare lazima alipe nauli ya mwanafunzi" anayekamatwa ni yule wa tatu aliyetoa nauli ya mtu mzima, na mwenye jezi anapona! Ngoja nihamie ile yenye P, Q na R, mistari 8, nikikwama nitarudi.

binti_mlimani
Safu ya P jaza T nne F nne, Q mbili mbili, R moja moja, hutaruka mstari hata mmoja.