Binti aliyelea wadogo zake tangu darasa la sita ameambiwa "hana uzoefu wa uongozi": wafadhili wa masomo, mnamtafuta nani?

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata katika Wilaya ya Makete, mkoani Njombe, na huu ni mwaka wangu wa kumi na saba kazini. Si kawaida yangu kufungua uzi wa malalamiko, kwa sababu nimezoea kuamini kwamba jambo likiandikwa kwa adabu na kupelekwa panapohusika litapata majibu. Safari hii nimeandika barua mbili na kupiga simu mara nne, na hadi leo hakuna mtu mwenye jina na cheo aliyenijibu. Kwa hiyo ninalileta hapa, na hasira niliyo nayo sitaificha.

Ipo taasisi moja, ambayo jina lake ninaliacha kwa sasa, inayotangaza kila mwaka ufadhili kamili wa shahada ya kwanza kwa vijana wanaotoka katika mazingira magumu, ikiwa ni pamoja na mafunzo ya uongozi chini ya mlezi kwa miaka yote ya chuo. Tangazo lake lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata mwezi Julai, siku chache baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka. Liliandikwa kwamba yatima, watoto wa kaya maskini na wasichana wa vijijini wanahimizwa kuomba. Nilipolisoma nikiwa nimesimama pale barazani, nilimfikiria mtu mmoja tu.

Binti huyu alisoma kwetu hadi kidato cha nne, akachaguliwa kwenda shule ya serikali ya bweni kusoma mchepuo wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), akamaliza na daraja la kwanza la pointi nane. Baba yake alifariki akiwa darasa la tatu, na mama yake alifariki akiwa darasa la sita. Anayeifahamu Makete hataniuliza sababu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea yakiwa asilimia 12.7 mkoani Njombe na asilimia 11.1 mkoani Iringa, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Nyuma ya namba hizo kuna nyumba ambazo mkubwa wa kaya ni bibi asiyeona vizuri au mtoto ambaye bado anavaa sare ya shule. Nyumba ya binti huyu ina vyote viwili, pamoja na wadogo wawili.

Nilimjua vizuri alipokuwa kidato cha pili, kwa bahati tu. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya Baiolojia, nikakuta katikati ya rundo daftari jingine lake, lile dogo la kurasa arobaini, ambalo alilikusanya kwa makosa. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na kichwa "Tumepata" na wa kulia "Tumetoa". Kibarua cha kuchuma pareto, siku tatu. Debe moja la viazi, limeuzwa. Kalamu mbili za mdogo. Kipande cha sabuni. Deni la chumvi dukani, limelipwa. Kila mwisho wa wiki alipiga mstari kwa rula na kuandika kilichobaki, na mahali pamoja aliandika: "Imebaki 350, tusiiguse." Alikuwa na miaka kumi na mitano. Nilimrudishia daftari lake bila kusema neno, kwa sababu sikujua mwalimu aseme nini mbele ya kitu kama kile.

Alipokwenda kidato cha tano aliwasuka wenzake bwenini siku za Jumamosi na fedha ile akaituma nyumbani kwa simu ya mwenye duka, kwa makubaliano aliyoyapanga mwenyewe kwamba mwenye duka ampe bibi unga na mafuta ya taa. Likizo zote alirudi na kuwakusanya majirani kulima shamba la bibi kwa zamu, leo kwao, kesho kwa mwingine. Ninayaeleza haya kwa urefu kwa sababu kila kinachofuata kinategemea haya.

Fomu ya maombi ilipatikana kwenye intaneti peke yake, na kwa Kiingereza peke yake. Haikuhifadhi kilichojazwa, kwa hiyo mtandao ulipokatika tulianza upya, mara tatu, kwenye simu yangu, tukiwa tumekaa juu ya kilima cha shule ambako mnara unashika. Ilidai vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili. Cha baba kilikuwepo. Cha mama hakikuwepo, kwa sababu mama alifia nyumbani na hakuna mtu mzima aliyefuatilia usajili wakati ule. Mtoto wa darasa la sita ndiye aliyekuwa anafuatilia kila kitu. Tulizunguka kwa mtendaji wa kijiji, kwa mtendaji wa kata na wilayani, siku nne za kazi, hadi usajili uliochelewa ukakamilika. Kwa hili silaumu sana, kwa kuwa hata Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutaka vyeti vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na ni haki uthibitisho uwepo.

Ninacholaumu ni ukurasa wa mwisho. Mwombaji alitakiwa kutia saini kwamba haombi wala hapokei mkopo au ufadhili mwingine wowote, na kwamba akigundulika atafutwa. Dirisha la mikopo ya Bodi lilikuwa bado wazi wakati huo. Binti aliniuliza, "Mwalimu, nikiomba huku na huku, si nitakuwa nimesema uongo?" Nikamwambia atii alichosaini. Hapo nina sehemu yangu ya kosa, nimemwomba radhi yeye na bibi yake, na ninaikiri hapa pia.

Usaili ulifanyika Dar es Salaam. Taasisi inayosema inawatafuta vijana wa vijijini iliwataka vijana wa Makete, Ludewa, Ileje na Kyela wajigharamie nauli kwenda pwani, warudishiwe baadaye kwa risiti. Bodaboda inayokutoa kijijini haina risiti, wala mama lishe wa Makambako. Walimu wa shule yetu tulichanga shilingi 140,000. Mbeya kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, Iringa kuna Mkwawa na vyuo vingine vyenye kumbi zinazoweza kupokea watu mia tano, na bado hawakuona mahali pa kuketi kwa siku mbili kuwasikiliza watoto wa Nyanda za Juu Kusini.

Akasafiri, akalala kwa ndugu wa mwalimu mwenzangu, akaingia mbele ya watu watano. Swali la kwanza, kwa Kiingereza, lilikuwa: umewahi kuongoza nini? Akajibu kwamba hajawahi kuwa kiongozi. Ni mtoto mkweli. Sekondari hakuwahi kuwa kiranja, kwa sababu viranja wetu hubaki shuleni hadi saa kumi na moja jioni na yeye saa tisa alikuwa tayari njiani kwenda kuchota maji. Wakamuuliza kama ana vyeti vya kazi za kujitolea, vya makongamano ya vijana au vya klabu. Akasema hana. Wakamuuliza atoe mfano wa jambo alilolibadilisha katika jamii yake, akanyamaza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuwafikisha wadogo wawili hadi kidato cha kwanza na darasa la sita, bila hata mmoja kuacha shule, ni jambo la kusimuliwa mbele ya watu wazima. Nilikuwa nimeandika habari za lile daftari kwenye barua yangu ya kumwombea. Hakuna aliyemuuliza hata swali moja kuhusu barua hiyo.

Jibu lilikuja tarehe 9 Desemba, kwa baruapepe yenye mistari mitatu, na sababu ikiwa nusu mstari: uzoefu wa uongozi hautoshi. Wakati huo vyuo vilikuwa vimefunguliwa, dirisha la mikopo limefungwa na la rufaa limefungwa. Nafasi yake chuoni Mbeya imepotea kwa kutosajiliwa kwa wakati. Mkopo wa Bodi una makali yake, kwani mnufaika hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi deni liishe, lakini Bodi haijawahi kumnyima yatima kwa kuwa hakuwa kiranja. Hawa waliojiita wakombozi wa yatima wamemkuta na njia moja mkononi, wakamtaka aiache, kisha wakamfungia na ile waliyomwonyesha.

Baadaye waliweka kwenye ukurasa wao picha za waliofaulu. Kati ya wanne wa kanda yetu, watatu walimaliza katika shule za kulipia ninazozifahamu. Sisemi vijana hao wamehonga, wala sisemi hawana akili; huenda wanastahili kila sifa. Ninasema kwamba vyeti vya makongamano hupatikana katika shule zinazolipa nauli ya kwenda kwenye makongamano, na kigezo kinachopima uongozi kwa vyeti hivyo kinapima mfuko wa mzazi.

Kuna wanaodhani kwamba aliyeingia ameponea. Kijana wangu mwingine, mtoto wa kibarua wa mashamba ya chai Mufindi, alipata ufadhili huohuo mwaka juzi na anasoma Mbeya. Kila Jumamosi jioni anatakiwa kuwa kwenye kikao cha video cha saa mbili na mlezi wake aliyeko Dar es Salaam. Anatumia simu yenye kioo kilichopasuka, bando analinunua mwenyewe, na getho analoishi umeme hukatika mara kwa mara. Alikosa vikao vitatu katika muhula mmoja, na kwa mujibu wa mkataba posho yake ya chakula ikasimamishwa kwa miezi miwili. Mwanafunzi wa mkopo wa serikali ana bumu lake, yaani fedha ya chakula na malazi, la hadi shilingi 10,000 kwa siku. Huyu mwenye ufadhili "kamili" alikuwa anakula kwa wenzake. Nilimuuliza vikao vyenyewe vinafundisha nini. Akasema namna ya kujieleza mbele ya wawekezaji na namna ya kujenga jina mtandaoni. Muhula ule alikuwa na sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, hajui aanzie ofisi gani, na mlezi hakuwahi kumuuliza matokeo yake.

Huo si ulezi. Mlezi kwa lugha yetu ni mtu anayejua umelala wapi na umekula nini, na kwa kuanzia hapo ndipo anaweza kukwambia habari za uongozi. Tena inawezekana, kwa sababu wapo wanaofanya. CAMFED, ambao wako nchini tangu mwaka 2005, huwatumia wasichana waliokwisha kusomeshwa warudi katika shule za nyumbani kwao kuwashika mkono wadogo zao, na msichana anayefanya kazi hiyo ya kujitolea anahesabika kuwa kiongozi kwa kazi yenyewe anayoifanya kijijini. Walioelewa hivyo hawakuwa na akili kuliko hawa; walikubali tu kwenda mahali walipo watoto.

Jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu ya wakati tulionao. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 serikali imefuta ada hadi kidato cha sita, hivyo watoto wa nyumba kama ile wanafika kwenye mlango wa chuo kwa idadi ambayo sisi walimu wa zamani hatukuizoea. Ufadhili wa Samia, wa serikali, unawachukua wa sayansi waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa, na ni jambo jema, lakini wa pointi nane anayechuma pareto wakati wa likizo habebwi huko. Taasisi binafsi zilitakiwa kuziba pengo hilo hasa, na fedha wanazopewa na wafadhili wao zinaombwa kwa picha na simulizi za watoto hao hao.

Kwa taasisi husika, ambayo najua watumishi wake wanasoma jukwaa hili: usaili ufanyike Mbeya au Iringa, na mtoto aruhusiwe kujieleza kwa Kiswahili. Kulea ndugu kuhesabiwe kwenye kipengele cha uongozi, kwa uthibitisho wa mtendaji wa kijiji na wa mwalimu, na orodha ya kaya maskini za TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, itumike badala ya kumzungusha yatima wilayani. Kile kifungu cha kukataza kuomba mkopo kifutwe, au kimhusu yule tu aliyekwisha kupata ufadhili, na majibu yatoke kabla vyuo havijafunguliwa. Posho ya chakula isitumike kama fimbo ya mahudhurio. Na baruapepe ya kumkatalia mtu iwe na jina la aliyeiandika na mahali pa kukata rufaa.

Wanajukwaa ambao ninyi au watoto wenu mmepitia usaili huo, naomba mwandike hapa chini mwaka, wilaya mliyotoka na sababu mliyopewa, bila kutaja majina ya watoto. Nitayaambatanisha kwenye barua ya tatu, ambayo nitaipeleka kwa mkono shule zikifunga, na nitaomba mhuri wa kupokelewa.

Binti mwenyewe yuko Njombe mjini, anapanga viazi kwenye magunia katika stoo ya mfanyabiashara mmoja, na analipwa kwa gunia. Dirisha la mikopo likifunguliwa tutaomba siku ya kwanza. Alinipigia jana kunijulisha kwamba mdogo wake wa kidato cha kwanza amepata viatu, na akaniuliza kama nina daftari la ziada, kwa sababu lile la zamani limejaa.