Fundi wa kamera kanipiga: nimelipa nione geti kwenye TV tatu, naona giza kwenye TV tatu

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina hasira na sitaki mtu aniambie nipoe.

Nilichotaka ni kitu kidogo sana. Nyumba iko huku Kira, jirani na Kampala, kamera nane, TV tatu: ya sebuleni, ya chumbani kwetu, na ya mama yangu anayekaa nyumba ndogo ya nyuma. Mama hataki simu ya kupangusa, ameikataa tangu zamani na sina ugomvi naye. Anataka akae kwenye kiti chake, geti likigongwa abonyeze rimoti aone ni nani kabla askari hajafungua. Basi. Fundi nilimweleza hivyo hivyo uani, mama mwenyewe akiwa pembeni anasikia, naye akajibu "Hakuna shida, ssebo (bwana), hiyo ni kazi ya nusu siku." Akachukua malipo ya kuanzia na orodha ya vifaa akaiandika yeye kwa mkono wake. Hilo likumbukwe, maana leo anasema vifaa nilichagua mimi.

Alichokifanya ni kununua splita ya HDMI (ule waya wa picha na sauti wa TV), ile ya tundu moja kuingia na manne kutoka, akaipachika nyuma ya DVR, kile kisanduku kinachokusanya na kurekodi picha za kamera, stoo, kisha akavuta waya wa HDMI juu ya dari kwenda kila TV. Sebuleni ni ukuta wa pili tu, picha safi. Chumbani ikawa inawaka na kuzima, mara vinukta vyeupe, mara giza, mara inarudi. Kwa mama, ambako waya unavuka dari yote, unatoka nje na kuingia nyumba ya nyuma, hakuna kilichofika. TV inaandika tu kwamba haioni kitu.

Jamani, waya wa kawaida wa HDMI wenye picha ya 1080p, yaani HD kamili, ukishavuka mita kama 15 unabahatisha tu. Kwenda kwa mama ni mara mbili ya hapo na zaidi. Mtu anayekula kwa kazi hii kila siku, anayejua kuhesabu bei ya waya kwa mita mpaka senti, hajui waya huo unafika wapi? Au anajua, ila waya mrefu una faida nzuri?

Na hata ungefika, bado asingenipa nilichomwomba. Splita kazi yake ni kunakili. Kinachotoka kwenye DVR ndicho hicho hicho kinachoonekana kila mahali. Mtoto akikuza kamera ya banda la kuku pale stoo, na mimi chumbani naona kuku. Mama akitaka geti likae kioo kizima, lazima mtu aende stoo, ainame chini ya rafu ya magunia ya kawunga (unga wa mahindi), atafute kipanya kinachoning'inia kwa waya wake nyuma ya DVR, abonyeze mara mbili kwenye kisanduku cha geti, halafu arudi kumwambia "jajja (bibi), tazama sasa". Mgeni wakati huo keshapanda boda kaondoka.

Nikamwita. Akaja na dawa mpya, vile visanduku viwili viwili vinavyopitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6. Njia yenyewe ni halali kabisa, watu wanaitumia na inafika mbali, hata visanduku vya bei ya chini vimeandikwa mita 50 na kuendelea. Ikashika. Mama akaona geti, akamshukuru, akampa na chai. Kisha TV yake ikaanza kukatika, na ya sebuleni ikawa imefifia, tarehe na saa pale juu ya picha zimevimba kama zimelowa. Kumbe splita za bei rahisi hushusha picha yote ifuate TV dhaifu kuliko zote, na TV ya mama ni ya zamani, 720p, chini ya ile 1080p. Kwa hiyo TV mpya niliyoinunua kwa jasho ikawa inaburuzwa na ya kale.

Kuhusu kukatika, hapo ndipo damu ilinichemka. Kilibaki kipande cha ule waya wa Cat6. Nikachukua kisu, nikamenya ganda, nikakwaruza uzi mmoja kwa makali. Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe pe. Aluminiamu iliyopakwa shaba! Nao umeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa, na mimi nimelipishwa bei ya shaba tupu. Waya wa aina hiyo unapoteza nguvu zaidi njiani na unakatika upesi ukipindwa, na yeye kaupinda kwenye kona ya ukuta kama anafunga mbuzi. Kabla hujalipa waya wa mtandao, ndugu yangu, kwaruza uzi mmoja dukani mbele ya muuzaji. Akikasirika, ondoka.

Nikamwita tena. Safari hii akaja anatabasamu. "Boss, sasa tunaenda kisasa, bila waya." Akaniuzia maboksi matatu ya Android, yale yanayochomekwa kwenye TV ili ifungue programu kama simu, akaweka programu ya kamera kwenye kila moja, akaniomba nitoe maoni mazuri kwenye ukurasa wake. Kila TV ikawa inachagua kamera yake. Nilifurahi mpaka bando lilipokata usiku ule ule.

DVR pale stoo aliiwekea karuta kake kadogo kenye laini yake. Maboksi ya TV kayaunga kwenye Wi-Fi ya nyumba, ambayo ni ruta nyingine na laini nyingine. Mitandao miwili isiyojuana ndani ya nyumba moja. Kwa hiyo picha ya geti langu inapanda hewani kwa laini ya stoo, inazunguka intaneti huko inakojua yenyewe, inashuka kwa laini ya sebuleni. Bando linaliwa ikipanda na linaliwa ikishuka. Picha moja, nalipa mara mbili, ya kitu ambacho nikifungua dirisha nakiona kwa macho!

Twende kwenye hesabu. Kamera moja ikirusha megabiti 2 kwa sekunde, kwa saa moja ni kama megabaiti 900. Fungua kamera nne kwa ubora huo, gigabaiti 3.6 kwa saa, TV moja tu. Na mama TV yake haizimwi mpaka alale. Na nyote mnajua bando la Uganda lilivyo: 2018 walituletea kodi ya mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku, 2021 wakaiondoa wakatubandika ushuru wa asilimia 12 kwenye data yenyewe, VAT haijaguswa. Yaani nalipia serikali ushuru kumwangalia askari wangu akisinzia. Tena picha inachelewa sekunde kadhaa, ukiona mtu anagonga ujue keshagonga zamani.

Programu hiyo ilinifunulia jambo jingine. Kila boksi lilipotaka kuingia, namba ya uthibitisho ilikwenda kwenye simu ya fundi. Si yangu. Mfumo wa nyumba yangu umesajiliwa kwa akaunti yake! Akiwa kwake kitandani anaweza kuona nani kaingia kwangu na nani katoka. Nilipomuuliza akasema "ni kwa ajili ya kukusaidia haraka, Boss". Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na huyu bwana ana geti langu mfukoni.

Kuna kijana jirani anashughulika na mitandao, alipita jioni moja, akaangalia stoo, akacheka mpaka akakaa chini. Alivyoeleza yeye ni hivi. DVR na TV zote zikae kwenye ruta moja. DVR ipewe anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) isiyobadilika, kwa sababu umeme wetu ukikatika na kurudi, ruta inaweza kugawa anwani upya na maboksi yakaitafuta DVR mahali ambapo haipo. Kisha maboksi yavute picha moja kwa moja kwa RTSP (njia ya kurusha video ndani ya mtandao), mlango 554, tena ule mkondo mdogo wa kila kamera, yaani picha nyepesi ya ubora wa chini, ambao kwa TV ya mama unatosha sana. Picha haitoki nje ya ukuta, bando haliguswi, hata laini ikiisha kabisa TV zinaona. Na kama maboksi ni ya zamani, DVR irushe video kwa mfumo wa H.264, kwa sababu mengine mfumo mpya zaidi wa H.265 yanaushindwa na kubaki na kioo cheusi.

Njia ya pili ndiyo iliyonifanya nitukane kimoyomoyo. Kuna kifaa kinaitwa modyuleta. Kinachukua HDMI ya DVR na kuigeuza kuwa chaneli ya TV ya dijitali, kisha inaingizwa kwenye waya ule ule wa antena ambao tayari unakwenda TV zote tatu. Tangu analogi izimwe Kampala 2015, kila TV yangu ina kipokezi cha dijitali au king'amuzi chake pembeni. Unatafuta chaneli upya, basi. Kinatakiwa kiunganishi sahihi ili mawimbi yako yasipande kwenye antena na kurushwa kwa majirani. Ni kweli picha inakuwa moja kwa TV zote, lakini ukiacha geti limekuzwa, mama anatoka UBC, TV ya taifa, anabonyeza chaneli ya geti, anarudi UBC. Hicho ndicho alichokiomba siku ya kwanza, kwa rimoti, na waya ulikuwepo ukutani!

Nimemwandikia fundi WhatsApp arudishe hela ya splita, waya, visanduku na maboksi, na akaunti aihamishie kwenye namba yangu. Jibu lake: "Boss system inafanya kazi, shida ni TV zako za zamani, nina moja nzuri ya inchi 55 nikufanyie bei." Alama za tiki zikawa za bluu nilipomjibu, akanyamaza.

Wanaoniuliza inbox jina lake, hapa silitaji, nataka hela zangu kwanza. Naandika barua ya madai wiki hii. Akiendelea kunyamaza naenda kwenye utaratibu wa madai madogo, ule wa kanuni za 2011, unaopokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na hauhitaji wakili. Dai langu halikaribii hata nusu ya hapo. Risiti ninazo, na orodha aliyoiandika kwa mkono wake ninayo. Aliyewahi kupeleka fundi huko aniambie: kile kipande cha waya nilichokikwaruza nakipeleka kama kielelezo, au karani anataka picha tu?