Uzamivu wa historia: niende Ujerumani au Marekani?

Binti Ruvuma
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia sekondari hapa Songea, uzamili niliumaliza Dar. Mada ya uzamivu ninayo: wanawake wa Ungoni katika vita vya Majimaji, nikianzia kwa Nkomanile, nduna (kiongozi chini ya mfalme) wa kike aliyenyongwa hapahapa mwaka 1906. Nikipeleka wanafunzi makumbusho huniuliza alikuwa mtu wa namna gani, na jibu langu huishia sentensi tatu. Linaniuma sana.

Profesa mmoja Ujerumani amekubali kunisimamia, ila ufadhili nijitafutie. Marekani nasikia chuo kinalipa ada na posho, lakini miaka ni mingi. Kijerumani changu ni cha kusalimiana tu. Nina mume na mtoto wa miaka mitatu. Mliopita njia hii, nishikeni mkono.

Msoma Mafaili
Dada, mimi nimemalizia Ujerumani, niliandika kuhusu kodi ya nyumba enzi za Wajerumani. Nianze na lugha, maana ilinitesa kuliko baridi. Nilifika na cheti cha B1, yaani ngazi ya kati ya Kijerumani, nikijiona nimeiva. Faili la kwanza nililoletewa Berlin sikuweza kusoma hata mstari mmoja. Maafisa wale waliandika kwa mkono, mwandiko wa zamani uitwao Kurrent: e yake utadhani n, na u huijui mpaka uone kijikunjo juu yake. Miezi minane ilipita ndipo nikaanza kusoma ukurasa bila kukwama.

Wewe usingoje kufika. Mafaili ya ofisi yao ya makoloni, yenye alama R 1001, Bundesarchiv (hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani) wameyaweka mtandaoni bure. Soma mistari mitano kila usiku. Nyaraka za Taifa pale Dar nako kuna mafaili ya Kijerumani yaliyobaki nchini. Tena wamisionari wa Peramiho walitoka abasia ya St. Ottilien, Bavaria, ulizia kumbukumbu zao huko.

Fedha: vyuo vingi vya umma havitozi ada, lakini bila ufadhili, viza inadai uonyeshe fedha za mwaka mmoja (mwaka 2025 zilikuwa euro 11,904) kwenye akaunti iliyofungwa, yaani unazitoa kidogo kidogo kila mwezi. Ukipata ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wasomi, barua yao inatosha. Usiondoke kwa kutegemea vibarua. Mwenzangu alifanya usafi usiku miaka miwili, tasnifu ikalala.

Na hili nakuomba kama ndugu: rekodi wazee kabla hujaondoka. Mimi nilisema nitarudi mwaka wa pili kumhoji mzee mmoja ambaye babu yake alikimbia kodi hiyo. Niliporudi nilipelekwa kaburini. Katika tasnifu yangu sura ile imejaa sauti ya afisa aliyekuwa akiwasaka, na ya aliyesakwa haimo.

Mama Kelvin, Ohio
Nami niseme ya Marekani. Miaka miwili ya kwanza ni darasani, kisha mitihani mikubwa, ndipo utafiti. Hesabu sita au saba. Posho unaitolea jasho kwa kusahihisha kazi za wanafunzi. Maombi mengi hufungwa Desemba, na andiko lako la mfano ndilo litakalokubeba. Ila mumeo akija kwa viza ya mwenzi wa mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi. Wangu alikaa ndani miaka mitatu, fundi umeme hodari. Liongeeni hilo mapema.

Msoma Mafaili
Ujerumani mwenzi anaruhusiwa kufanya kazi, ila kwa kawaida atadaiwa Kijerumani cha A1, ngazi ya kwanza kabisa, kabla ya viza. Anzeni kujifunza pamoja.

Binti Ruvuma
Asanteni mno. Nimemsomea mume wangu majibu yote, amesema hiyo A1 tuianze mwezi huu. Bibi mzaa baba yuko karibu na Peramiho, ana nyimbo alizofundishwa na mama yake za wakati wa njaa baada ya vita. Sijawahi kumwomba aziimbe zote. Jumamosi nakwenda na simu iliyojaa chaji. Msoma Mafaili, nimefungua faili moja la R 1001. Nimelitambua neno moja tu: Songea.